Jina Linasubiri Gari

Kibondo,
19 Januari 2025

Kwa shemeji Pasikali,

Mwakeye. Natumaini hapo Kasulu mmeamka salama, wewe na mama Didas na Didas mwenyewe. Sisi tunaamka. Recho alishikwa na kikohozi wiki ya sikukuu, sasa kimebaki cha alfajiri tu. Mama yenu amerudi Gwarama kupalilia maharage yake, amesema mimi nimeshapata nguvu. Sikumbishia. Mtoto ananyonya vizuri, mchana analala, usiku anakaa macho kama mlinzi wa benki. Mawese yamepanda bei kwa wanaotuletea, lakini wateja bado wanataka chupa kwa bei ile ya zamani. Basi napima tu.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu hatuwezi. Ukipiga unasema "haloo shemeji", nami nasema "haloo", halafu tunasikilizana tunavyohema mpaka salio linakata. Tangu kaka yako Venanti afariki ni hivyo. Barua hii nampa Khatibu wa vitenge, ambaye huja Kasulu kila anapoishiwa mzigo. Na wewe ukiandika mpe huyohuyo.

Jambo lenyewe ni mtoto. Alipozaliwa Desemba ulituma sabuni na nguo, ahsante, nguo zinamtosha. Ila hana jina. Unajua kuliko mimi kwamba kwenye ukoo wenu mtoto anayezaliwa baba yake ameshazikwa huitwa jina na ndugu wa kiume wa baba, kwa mdomo wake, akiwa amempakata, pale mlangoni. Mama yenu hawezi, mimi siwezi. Wanaume wa nyumba ile umebaki wewe peke yako.

Siku ya kumaliza msiba ulisimama mbele ya wazee ukasema, "Gari la kaka nalichukua Kasulu likatengenezwe, ni la watoto wake. Siku nitakayolileta hapa mlangoni ndiyo siku nitakayompa mtoto jina." Mimi nilikuwa kwenye mkeka na tumbo langu, nikasikia. Wazee wakapiga makofi.

Sasa mtoto yupo, gari halipo. Nakuuliza tu, lini?

Ni mimi,
Elieth, mama Recho


Kasulu,
16 Februari 2025

Shemeji yangu,

Barua yako imekaa chini ya majora ya Khatibu hadi ikanukia duka. Nimeisoma nikiwa juu ya ukuta wa mtu, tofali mkono mmoja, karatasi mkono mwingine, mwenye nyumba ananitazama kwa chini. Hatujambo. Didas ameanza darasa la kwanza, analia akienda na analia akirudi. Mama Didas anakusalimu, anasema unywe uji wa ulezi.

Kuhusu gari, nina habari nzuri na ya ajabu. Kumbe hizi haibridi, gari za mafuta na umeme, zina betri mbili. Moja ndogo kama ya gari lolote, na nyingine kubwa imelala chini ya kiti cha nyuma, ndiyo inayosaidiana na injini. Hiyo kubwa ina feni yake ya kuipoza, na feni inavuta hewa kupitia kitundu kilicho ubavuni mwa kiti. Sasa wewe unajua kaka alikuwa anapakia nini kwenye kile kiti. Kila akipita Makere lazima achukue unga wa muhogo wa watu, gunia juu ya gunia, na abiria juu ya gunia.

Fundi Isihaka akaifungua ile feni. Halafu akaniita, "Pasikali, njoo, hapa kuna chakula cha mchana." Unga umejaa humo, umeshikana na vumbi jekundu, umekauka kama ukoko wa ugali. Betri ilikuwa inapumua kupitia gunia. Tumesafisha, elfu thelathini tu. Na ile betri ndogo nayo ilikufa, imeagizwa Mwanza kwa laki tatu. Nilimwambia aweke betri ya kawaida ya laki moja na nusu. Akasema betri hii inakaa ndani ya gari pamoja na watu, kwa hiyo inatakiwa ile yenye bomba la kutoa hewa yake nje, la sivyo tutavuta tindikali mpaka Kibondo. Nikakubali.

Usinitumie hela, na wala usiulize mambo ya hela.

Jina ni jambo la heshima, shemeji, haliji kwa kukimbizwa. Pasaka nitakuwa mlangoni kwako na gari linang'aa.

Shemeji yako,
Pasikali


Kibondo,
2 Machi 2025

Shemeji Pasikali,

Salamu zimefika na zangu zipokee. Uji wa ulezi nakunywa. Kikohozi cha Recho kimekwisha, sasa ni masikio. Mvua imebomoa choo cha jirani, tunachangia chetu.

Juzi nilikwenda kliniki. Pale wanaita kwa majina ya watoto. "Shamsi! Isack!" Halafu, "Mtoto wa Elieth!" Nikasimama. Uzito wake ni mzuri. Nesi, yule wa kutoka Moshi, akaniuliza, "Mama, hapa nimeandika kwa penseli, mpaka lini?"

Nikamwambia jina linasubiri gari.

Akacheka, akadhani namtania. Akasema, "Haya, likifika lipigie honi." Akanieleza kwamba na cheti cha kuzaliwa hakiwezi kutoka bila jina. Nikambeba mtoto nikarudi kibandani kwangu kupima mafuta.

Nimesoma habari za feni. Nimesoma yote. Lakini shemeji, mimi gari sikulitaja ila kwa sababu wewe ulilitaja mbele ya wazee. Mabasi yanatoka Kasulu kuja huku kila siku. Njoo na basi. Sitakuuliza gari liko wapi, na mtoto hawezi kuuliza.

Elieth


Kasulu,
24 Machi 2025

Shemeji mpendwa,

Hatujambo kabisa. Didas sasa analia akienda tu, akirudi anaimba. Nimepata kibarua cha kujenga vyumba vya mwalimu mmoja mgeni. Siku hizi natembea kwa miguu kwenda kazini, ni vizuri kwa afya, hata mama Didas anasema nimepungua tumbo.

Umesema njoo na basi. Nimekusikia. Lakini nisikilize na mimi kidogo, maana tumefika pazuri.

Ile betri kubwa haikuwa feni peke yake. Joto la muda mrefu limeua baadhi ya vipande vyake. Ndani imegawanyika vipande ishirini vilivyopangwa kama vitabu kwenye rafu. Isihaka amepima kimoja kimoja, vinne vimekufa. Betri nzima, hata ya mtumba, ni zaidi ya milioni mbili. Lakini kipande kimoja cha mtumba ni elfu sabini. Sasa mtu mwenye akili anunue kipi? Kigoma mjini kuna gari kama letu lililopata ajali, tumechomoa vinne humo, vimewekwa.

Ungemwona Isihaka ungecheka. Yeye amekulia kwenye malori, haibridi zimemkuta ukubwani. Kabla ya kugusa zile nyaya nene za rangi ya chungwa anavaa gambuti, anavaa glavu za njano za mkewe za kuoshea vyombo, anasema bismillahi. Nikamuuliza haya amejifunza wapi.

"Kwenye simu, kwa Mhindi mmoja."

"Unajua Kihindi wewe?"

"Kihindi sijui. Mikono yake nimeielewa."

Taa zote zimezima, shemeji. Ile ya pembetatu nyekundu iliyokuwa inatutisha imezima. Nimelipeleka mpaka nje ya mji na kurudi, halina sauti, linateleza kama halina injini. Pasaka ni ileile. Mwambie mama atoke Gwarama mapema.

Pasikali


Kibondo,
4 Mei 2025

Shemeji Pasikali,

Natumaini mko salama. Sisi tuko salama. Masikio ya Recho yamepona. Mtoto ameanza kukaa akiegemezwa mto.

Nimechelewa kuandika.

Mama alitoka Gwarama siku ya Ijumaa Kuu na jogoo kwenye kapu. Jumapili tulitandika mkeka mlangoni baada ya ibada. Mtoto nilimwogesha, nikamvika ile nguo uliyotuma, imeanza kumbana mabegani. Majirani walikuja, wazee wawili wa ukoo walikuja na fimbo zao. Kila gari likipita Recho anasema "baba mdogo huyo". Mchana ukapita. Mama akawa anamgeuza yule jogoo kwenye kapu, kivuli kinahama, na yeye anamhamisha. Jioni ndipo ulipoingia ujumbe wako kwenye simu: "Limezima Makere. Samahani." Nikausoma kwa sauti. Mzee mmoja akasema, "Basi tuondoke, umande unaingia." Wakaondoka. Jogoo tulimla Jumatatu.

Sikulaumu kwa gari kuzima. Vyombo vinazima.

Lakini baadaye Khatibu aliniambia kwamba ulitafuta lori likakuvuta kurudi Kasulu. Shemeji, Makere iko njiani kuja huku. Ulikuwa umeshatoka nyumbani, umevaa, barabara ni hiyohiyo na mabasi yanapita. Ungelifunga gari ukampa mtu funguo, ukapanda basi. Ungefika jua likiwepo. Wewe ukarudi nyuma na gari.

Nimelifikiria hilo nikipima mafuta, nikifua, nikinyonyesha. Sijakasirika. Nimechoka tu.

Kuna maneno huku. Siyaandiki.

Elieth


Kasulu,
25 Mei 2025

Shemeji,

Nimeikunja barua yako na kuikunjua mara nyingi. Mama Didas aliisoma, akaenda jikoni.

Ni kweli. Mabasi mawili yalinipita pale Makere. La kwanza lilisimama kabisa, kondakta akasema, "Bosi, unapanda au unalinda chuma?" Nilikuwa nimevaa koti la kaka. Nikaona nitashuka kwenye basi pale stendi ya Kibondo, mikono mitupu, na wazee wote walionipigia makofi wananitazama. Nikamwambia kondakta aende.

Acha nikueleze kilichotokea kwenye gari, angalau hilo naliweza. Vile vipande vinne vya mtumba vina nguvu yake, na vile kumi na sita vya zamani vina nguvu yake. Havilingani. Kwenye mlima vilivyochoka vinavutwa na vizima mpaka vinachemka. Nikabadilisha vitatu tena. Likaenda siku kadhaa, likawasha pembetatu. Nikabadilisha viwili. Isihaka akaniambia, "Pasikali, unashona kiraka juu ya kiraka, nguo yenyewe imekwisha. Hizi hela ungeziweka pamoja ungekuwa na betri nzima." Nikamwambia ningekuwa nazo pamoja ningeziweka pamoja.

Halafu kuna ile pampu ndogo inayozungusha maji ya kupoza mitambo ya umeme, hiyo imefungwa nyingine, laki mbili. Halafu pampu ya breki. Hiyo ukiwasha gari asubuhi inalia, inanyamaza, inalia tena, hata hujagusa breki. Isihaka anasema ikifa, breki zinakuwa ngumu kama kukanyaga jiwe, na ya mtumba ni milioni moja na nusu. Shokapu za mbele pia zimekufa, lakini hizo angalau kila gari la huku zinakufa.

Kuna mtu anaitwa Saady, ananunua magari mabovu na kuyauza vipandevipande. Alikuja gereji, akalizunguka, akapiga bati kwa kidole, akasema, "Milioni tano, kama lilivyo, leo." Nikamwambia haliuzwi. Akasema, "Mzee, hili unalitengeneza au unaliuguza?" Nikamfukuza. Isihaka akanuna kwa sababu Saady ni mteja wake.

Shemeji, kiti cha dereva bado kimesogezwa nyuma kwa ile miguu yake mirefu. Sijakigusa. Naendesha nimenyoosha vidole kama mtoto.

Nipe mpaka Agosti. Na hayo maneno ni maneno gani?

Pasikali


Kibondo,
15 Juni 2025

Shemeji Pasikali,

Nakusalimu wewe, na mama Didas namsalimu peke yake kwa salamu yake. Huku ni baridi. Asubuhi mawese yanaganda, nayaanika juani kabla ya kupima. Recho anaendelea vizuri. Mtoto ametoa jino.

Umeuliza maneno. Nitayaandika, kwa sababu nimeona nikiyaficha nakusaidia kuchelewa.

Pale bombani niliwakuta wanawake wawili wa mtaa wetu. Mmoja akamshika mtoto shavu, akasema, "Mama Recho, huyu mnamwitaje?"

Nikasema, "Bado."

"Bado, na jino hili? Shemeji yako anafikiria nini muda wote huo?"

Mwenzake akasema, "Labda anahesabu miezi."

Wakacheka, si kwa ubaya sana, kama watu wanavyocheka foleni ikiwa ndefu. Nikajaza ndoo yangu nikaondoka. Nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua sikuifunika, maji nusu yamemmwagikia mtoto mgongoni.

Hayo ni ya bombani. Sasa ya nyumbani. Wiki iliyopita mama alikuja kutoka Gwarama. Alimfunua mtoto, akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama masikio. Muda mrefu. Kisha akamfunika, akasema, "Amekua." Mama yule alikuwa na mimi siku zote za uchungu, shemeji. Alimpokea mtoto huyu kabla ya nesi. Sasa anamtazama masikio.

Wanasema hujaja kwa sababu una shaka. Wanasema gari ni kisingizio. Mimi najua si kisingizio, nimesoma barua zako zote, hakuna mtu anayeweza kubuni pampu nyingi namna hiyo. Lakini wao hawazisomi. Wao wanaona mlango hauna mtu.

Kwa hiyo nisikilize, nakuambia kama mama wa watoto hawa. Ulisema mbele ya wazee kwamba gari ni la watoto wa Venanti. Mimi ndiye ninayewalea. Nasema kulitengeneza sasa basi. Usiweke tena kipande hata kimoja. Usisubiri Agosti. Muite huyo Saady, kama bado anatoa milioni tano mpe, kama sasa anatoa nne mpe. Na pikipiki yako najua ulishaiuza, Khatibu hajui kukaa na kitu moyoni. Umeuza miguu yako kwa ajili ya kiti cha marehemu.

Kile kiti nakijua. Huku ndani nina viatu vyake chini ya kitanda, nafagia nikivizunguka. Sikuchukii kwa hilo. Ila mimi nafagia kila siku, shemeji, na mtoto ananyonya kila siku, na wewe hujafika.

Usije na gari. Usije na koti. Usinunue chochote. Njoo na basi, ushuke stendi, uje kwa miguu mchana watu wakiwa wamekaa nje, wakuone unakuja. Umpakate mtoto umwite jina.

Kama una shaka kweli, niandikie hivyo, neno moja, na sitakuuliza tena maisha yangu yote.

Elieth


Kasulu,
18 Juni 2025

Elieth,

Khatibu nimemwomba arudi leo hiihii, nimemlipia nauli.

Sina shaka. Sijawahi kuwa nayo hata dakika. Sikujua kama kuna watu wanaweza kulifikiria hilo. Nilidhani wanayemcheka ni mimi.

Jumamosi, basi la asubuhi. Mwambie mama.

Pasikali


Kibondo,
13 Julai 2025

Shemeji Pasikali,

Natumaini safari ya kurudi ilikuwa njema na mama Didas amepona jino lake. Nimepata habari kwa Khatibu kwamba Saady amelibeba gari juu ya lori na kwamba Isihaka alisimama barabarani akilitazama mpaka likapotea. Amekusaidia sana yule, mpelekee lita tano za mawese nilizompa Khatibu, na umwambie amnunulie mkewe glavu mpya.

Nimepokea hela. Nimeshaigawa. Sehemu ni ya bati la chumba cha watoto, linavuja tangu Machi. Sehemu nimeirudisha kwako kwa simu jana na umeiona, usijifanye hujaiona. Ni ya pikipiki. Usinijibu habari hiyo. Fundi ujenzi hawezi kubeba pima maji na koleo kwa miguu mpaka Heru. Mengine nimeweka.

Sikukuambia kitu siku ile kwa sababu watu walikuwa wengi, na ukaondoka asubuhi yake. Nakuambia sasa.

Nilikuona tangu kwenye kona ya mashine ya kusaga. Ulikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Watu walikuwa wametulia. Wale wanawake wa bombani walikuwepo, niliwaalika mwenyewe, niliwapa viti vya mbele. Yule mzee mwenye fimbo nyeusi akakuuliza, "Mwanetu, gari liko wapi?" Nilijua atauliza. Nikaogopa utaanza kumweleza habari za pampu.

Ukasema, "Gari limekufa, mzee. Mtoto ni mzima. Nipeni mtoto."

Mama ndiye aliyekupa. Nilimtazama usoni alipokuwa anakupa.

Sasa nikuambie jambo. Nilikuwa nimejiandaa. Tangu alfajiri, nikiwasha moto, nikikata vitunguu, nilikuwa najiambia: atasema Venanti. Ni haki yake, ni kaka yake, na watu wote wanalitegemea jina hilo. Nikajiambia nitalipokea, nitapiga kigelegele kama wengine, halafu kuanzia kesho nitaliita jina hilo nikimwogesha, nikimgombeza, nikimtafuta akipotea nyuma ya nyumba. Nikawa nalijaribu kimya kimya. Halikutoka. Sikukuandikia kwamba siliwezi, kwa sababu kukuita uje ilikuwa imetosha, sikutaka na jina nikupangie.

Ukamwinua, ukamtazama. Ukasema, "Castory. Jina la baba yetu."

Mama akakaa chini. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilisikia harufu nikajua maharage yanaungua, nikaenda jikoni kuyapunguzia moto. Nikasimama huko kidogo. Watu walidhani nimekwenda kulia. Sikulia, shemeji. Niliyakoroga tu.

Sijui kama wewe ulilikwepa kwa ajili yangu au kwa ajili yako. Usiniambie.

Jumatatu nilikwenda kliniki. Nesi wa Moshi alifuta penseli, akaandika kwa kalamu, akapuliza wino ukauke. Akauliza, "Gari lilifika?" Nikamwambia halikufika. Akanitazama, akaita anayefuata.

Mama ameongeza siku za kukaa hapa. Tangu wewe uondoke analala na mtoto kitandani kwake, usiku ananiletea kunyonyesha tu, kisha anamchukua. Mimi nalala. Nalala mpaka jua linanikuta. Sijalala hivyo tangu Agosti ile ya msiba. Nikiamka sioni tofauti kubwa, uzito ni uleule, ila macho hayaumi.

Majirani wote wanamwita. Castory, Castory, kila anayepita. Recho anamwita Kasito. Mimi nilikuwa bado nasema "mtoto", mdomo umezoea.

Leo mama amekwenda kanisani na Recho, nimebaki naye peke yangu. Alikuwa kwenye mkeka, amenipa mgongo, anachezea mfuniko. Nikamwita jina lake. Hakugeuka, bado hajui kwamba ni lake.

Nikamwita tena.

Elieth, mama Recho na Castory